Waziri akisimama kujibu pale Chukwani: jibu limetoka wapi na lina uzito gani

Kila Baraza la Wawakilishi la Zanzibar likikaa pale Chukwani simu zetu zinajaa klipu. Waziri kasimama, anasoma karatasi, anataja barabara au kisima au skuli, klipu inakatwa hapo hapo na inaanza kuzungushwa kwenye magrupu kutoka Mkoani mpaka Makunduchi, wengine wanashangiria kuwa barabara yao ishapatikana, wengine wanasema uongo mtupu huu tushauzoea, na kufika jioni watu wa shehia moja washagombana kwa jibu ambalo hakuna aliyelisikiliza mpaka mwisho. Mimi vikao vya Baraza la Wawakilishi nafatilia sana na hili jambo linaniuma, mana watu wetu wanajali, wanauliza, wanakumbuka nani kasema nini, lakini hawajaelezwa jibu la waziri linatengenezwa vipi na lina nguvu kiasi gani. Ninachotaka kusema hapa ni kuwa jibu la asubuhi ni nusu tu ya habari. Nusu nyengine iko kwenye suali la nyongeza, kwenye kamati, na kwenye kitabu cha bajeti mwezi wa sita, na huko ndo wachache wanakotazama.

Tuanze na fujo kubwa kuliko zote, nani wa kumuuliza nani. Sisi Zanzibar kila jimbo lina watu wawili wa kutusemea, kuna mbunge na kuna mwakilishi, na wote wawili wanaomba kura siku moja kwa hiyo ni rahisi kuwachanganya. Mbunge anakwenda Dodoma kwenye Bunge la Jamhuri ya Muungano na anawauliza mawaziri wa Muungano. Mwakilishi anakwenda Chukwani na anawauliza mawaziri wa SMZ, yaani Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Ukimlaumu mwakilishi wako kwa jambo la Dodoma unamuonea, na yeye akilichukua hivo hivo akaliuliza Chukwani, waziri atasimama aseme kwa adabu kuwa hili ni jambo la Muungano na wizara yake itawasiliana na taasisi husika, na hapo hana cha kuongeza.

Mstari unaogawa uko kwenye Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Muungano ya 1977. Mambo ya Muungano yalianza 11 mwaka 1964, sasa orodha ina mambo 22. Polisi wamo, uraia na uhamiaji umo, posta na simu zimo, usafiri wa anga umo, elimu ya juu imo, Baraza la Mitihani la Taifa limo. Afya haimo, maji hayamo, barabara zetu hazimo, karafuu haimo, skuli za msingi na sekondari hazimo. Sasa angalia maisha ya kawaida yanavokatiza mstari huo bila kujali. Mtoto wako anasoma skuli ya Wete, upungufu wa walimu ni suali la Chukwani, lakini matokeo yake ya kidato cha nne yakizuiwa hilo ni la Baraza la Mitihani na linaulizwa Dodoma. Kijana kakamatwa na polisi, kituo kimemuweka vibaya, hilo ni la Dodoma, alafu kesi ikisha akahukumiwa anapelekwa Chuo cha Mafunzo, yaani jela yetu, ambacho ni idara maalumu ya SMZ, kwa hiyo akiteseka huko ndani suali lake linarudi Chukwani. Vikosi kama KMKM kinachozuia magendo, JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi), Zimamoto na Valantia navyo ni vya SMZ, ingawa mtu akiona sare anadhani wote ni kitu kimoja na jeshi. Mtandao wa simu haushiki Micheweni? Simu ni ya Muungano. Umeme umekatika Micheweni? Shirika la Umeme, ZECO, ni la SMZ, ingawa umeme wenyewe unatoka Bara kwa waya wa chini ya bahari, Pemba unatokea upande wa Tanga na Unguja unatokea Ras Kiromoni hadi Fumba.

Na kuna mambo yanakaa katikati kabisa. Bandari imetajwa kwenye orodha ya Muungano lakini Bandari ya Malindi iko chini ya Shirika la Bandari Zanzibar, na makontena yakikwama pale anayeulizwa ni waziri wetu wa uchukuzi. Viwanja vya ndege hali kadhalika, usafiri wa anga ni wa Muungano lakini kiwanja chenyewe kinasimamiwa na mamlaka ya SMZ. Kwa hiyo kabla hujamrushia mtu lawama, tafuta kwanza nani mwenye funguo ya jambo lako, utajipunguzia nusu ya hasira.

Watu wengi pia hawajui kuwa hii nafasi ya kumuuliza waziri ni changa kwetu. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 Baraza la Mapinduzi ndo lilokuwa linatunga sheria na ndo lilokuwa linatawala, wote ndani ya chumba kimoja, na hali ikaenda hivo mpaka 1980 lilipoanzishwa Baraza la Wawakilishi wakati wa Mzee Aboud Jumbe. Yaani miaka 16 waziri alikuwa hana pahala pa kusimama akaulizwa na mwakilishi wa watu. Baraza la Mapinduzi lipo mpaka leo, lakini kazi yake sasa ni ya baraza la mawaziri, linakaa chini ya Rais wa Zanzibar, na kutunga sheria kumehamia Baraza la Wawakilishi pamoja na Rais anayetia saini. Ukiangalia hivo utaona kipindi cha masuali kina thamani gani, tusikidharau hata pale majibu yanapotuchosha.

Waziri mwenyewe ni nani? Kwa Katiba ya Zanzibar ya 1984 Rais anateua mawaziri kutoka miongoni mwa wajumbe wa Baraza. Hawezi kumchukua mtaalamu wa nje moja kwa moja akamfanya waziri, lazima awe mjumbe kwanza, na ndo mana zile nafasi 10 za wajumbe wa kuteuliwa na Rais zina maana kubwa, Rais akimtaka mtu ambaye hakugombea jimbo anampitishia mlango huo. Wajumbe wengine ni wa majimbo, ambayo uchaguzi wa 2020 yalikuwa 50, wanawake wa viti maalumu ambao idadi yao ni asilimia 40 ya wajumbe wa majimbo, na Mwanasheria Mkuu anayeingia kwa nafasi yake.

Sasa hapa kuna jambo ambalo halisemwi sana. Mwakilishi wa jimbo lako akiteuliwa kuwa waziri, mnashangiria, mnamwagiana maji, lakini siku hiyo hiyo jimbo lenu limepoteza muulizaji. Waziri ni sehemu ya Serikali, hawezi kusimama Chukwani akamuuliza waziri mwenzake kwa nini kituo cha afya cha jimboni kwake hakina dawa. Atalisemea ndani, kwenye vikao vya Serikali, na pengine atapata zaidi kuliko yule anayepiga kelele, lakini nyinyi hamtalisikia na hamtakuwa na maandishi ya kumkumbusha nayo. Mimi naona jimbo lenye waziri linatakiwa liwe macho zaidi, limtumie mwakilishi wa viti maalumu wa mkoa wao aulize kwa niaba yao, manake nafasi hiyo iko na haitumiki vya kutosha.

Tuje kwenye safari ya suali lenyewe. Tuchukue mfano, wananchi wa shehia moja kaskazini ya Pemba wamejenga wenyewe banda la madarasa mpaka kwenye linta, kama tulivozoea, wananchi wanaanza na Serikali inamalizia, miaka inapita na banda linaota majani. Mwakilishi wao anaandika suali analipeleka kwa Katibu wa Baraza. Linaangaliwa kama limekaa kwa mujibu wa kanuni, mfano jambo lililoko mahakamani haliulizwi, alafu linapelekwa wizara ya elimu. Wizarani linashuka kwa watendaji, na kwa kuwa ni la Pemba linakwenda kwa Afisa Mdhamini, yule anayesimamia wizara kwa upande wa Pemba, yeye ndo anatakiwa aseme hali ikoje kule. Majibu yanapanda tena, watu wa mipango wanatia takwimu, Katibu Mkuu anapitia, na mwisho linafika kwa waziri au naibu wake. Kwa hiyo karatasi unayoiona kwenye klipu imeshapita mikono mingi. Waziri anaisoma lakini mara nyingi aliyeiandika ni ofisa ambaye huenda hata hilo banda hajaliona, na ikiwa ofisi ya Mdhamini ilijibu kwa simu bila kwenda site, basi waziri anasimama mbele ya nchi nzima na habari za kupokea tu.

Siku ikifika Baraza linaanza saa 3:00 asubuhi, inasomwa dua, zinawekwa hati mezani, alafu masuali. Utamsikia waziri, "Mheshimiwa Spika, kwa ruhusa yako naomba kumjibu Mheshimiwa Mwakilishi suali lake lenye vifungu (a), (b) na (c) kama ifuatavyo." Watu wengi wanachoka hapo hapo kwenye vifungu, lakini vifungu ndo dawa. Mwakilishi mzuri anagawa suali lake ili waziri asipate pa kupita. Kifungu (a) anauliza je Serikali inalijua banda hili, (b) fedha kiasi gani zimetengwa na katika mwaka gani wa fedha, (c) lini kazi itaanza. Mwakilishi ambaye hajajipanga anauliza kitu kimoja tu, je Serikali ina mpango gani, na anajibiwa kuwa Serikali ina mpango mzuri. Sitaki kumvunjia heshima mtu, lakini jibu dhaifu mara nyingi limezaliwa na suali dhaifu.

Sasa lugha ya majibu. Hii tuiseme taratibu kwa sababu ndo inayowagombanisha watu.

Waziri akisema "Serikali inalitambua tatizo hilo" maana yake ni hiyo hiyo, inalitambua, hakuna fedha hapo wala tarehe. Akisema "tutalifanyia kazi" bado hakuna kitu kilichoandikwa popote. Akisema "kadri hali ya fedha itakavyoruhusu" elewa kuwa mradi haumo kwenye bajeti ya mwaka huo, mana ungekuwemo angetaja kiasi. "Upembuzi yakinifu unaendelea" ni hatua ya kweli, watu wanakwenda kupima na kuchora na kukadiria gharama, lakini baina ya upembuzi na katapila kuna kutafuta fedha, kuna zabuni, kuna fidia za miti na nyumba, na kila moja inaweza kula muda. "Mkandarasi ameshapatikana" ni jambo zito zaidi, muulize mkataba umetiwa saini lini. Na ukisikia "katika mwaka huu wa fedha Serikali imetenga shilingi kadhaa kupitia programu fulani", hapo simama, andika, hifadhi klipu yote na sio kipande, kwa sababu hiyo ni kauli inayoweza kupimwa. Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi unamalizika Juni 30, kwa hiyo kauli ya namna hiyo ina siku ya kuisha na mtu anaweza kuulizwa.

Hata hivo imetengwa haina maana imetolewa. Hili tulirudie mana hata watu waliosoma wanateleza hapa. Baraza likipitisha fedha linakuwa limeruhusu zitumike, ila wizara inazipata kidogo kidogo kadri mapato yanavoingia hazina, na miradi ya maendeleo ndo inayosubiri wakati mishahara inalipwa kwanza. Ndo mana waziri anaweza kusema kweli tupu mwezi wa pili kuwa fedha zimetengwa, na wewe ukasema kweli tupu mwezi wa saba kuwa hakuna hata bati moja lililopandishwa. Wote wawili hamjadanganya. Suali lililokosekana ni moja tu, kati ya zilizotengwa ni ngapi zimeingia kwenye akaunti ya mradi.

Na suali hilo pahala pake ni suali la nyongeza. Jibu la msingi likishasomwa, muulizaji anasimama tena, na Spika anaweza kuwapa nafasi na wengine. Hapa waziri hana karatasi iliyopita mikono mingi. Watendaji wake wamo ndani wanaweza kumpelekea kimemo, lakini kimsingi ni yeye, kichwa chake na uelewa wake wa wizara. Waziri anayeijua kazi yake utamuona hapa, anajibu bila kupapasa, anataja kijiji kwa jina, anakubali kuwa pahala fulani wamechelewa. Asiyeijua anarudia jibu la msingi kwa maneno mengine au anamuomba Mheshimiwa Mwakilishi wakutane nje ya ukumbi. Kukutana nje sio dhambi, mambo mengi yanamalizwa hivo, lakini lililosemwa nje haliingii kwenye kumbukumbu rasmi za Baraza, na lililosemwa ndani linaingia neno kwa neno. Tofauti hiyo ni kubwa sana siku ya kudai.

Ndo mana nasema zile klipu zinazokatwa baada ya jibu la msingi zinatuharibia. Sehemu yenye nyama imekatwa.

Kuhusu manaibu waziri, watu wanakasirika wakiona naibu ndo anajibu, wanaona waziri kawadharau. Sio hivo. Kujibu masuali ni kazi halali ya naibu na jibu lake lina uzito ule ule, ni jibu la Serikali. Hata waziri akiondolewa kesho, ahadi iliyotolewa mezani inabaki kwa aliyekalia kiti. Waziri mpya hawezi kusema mimi sikuwepo. Anaweza kusema mpango umebadilika, lakini aeleze kwa nini.

Juu ya mawaziri wote mle ndani kuna kiongozi wa shughuli za Serikali. Zamani alikuwa Waziri Kiongozi, cheo kilichoshikwa na watu kama Maalim Seif Sharif Hamad, Dk. Omar Ali Juma, Dk. Mohamed Gharib Bilal na wa mwisho Shamsi Vuai Nahodha. Baada ya kura ya maoni ya Julai 31, 2010 na mabadiliko ya 10 ya Katiba, cheo hicho kikaondoka, wakaja makamu wawili wa Rais. Makamu wa Kwanza amewekwa kwa ajili ya umoja wa kitaifa, anatoka chama kilichoshika nafasi ya pili. Makamu wa Pili ndo mshauri mkuu wa Rais katika kazi zake na ndo anaongoza shughuli za Serikali Barazani, kazi aliyoifanya Balozi Seif Ali Iddi kuanzia 2010 hadi 2020 na akaipokea Hemed Suleiman Abdulla. Kwa wanaofatilia Dodoma, hii ni kazi anayoifanya Waziri Mkuu kule.

Kuongoza shughuli maana yake nini hasa? Serikali ndo inayoleta kazi nyingi mle ndani, miswada, bajeti, ripoti, kauli za mawaziri. Lazima mtu ahakikishe muswada umeiva kabla haujaletwa, waziri wake yupo siku hiyo, kamati imeshaupitia, na ukiletwa haugongani na kauli ya wizara nyengine. Muswada unasomwa mara ya kwanza, unakwenda kwenye kamati ambako wadau wanaweza kuitwa watoe maoni, unarudi kusomwa mara ya pili na kujadiliwa, unapitiwa kifungu kwa kifungu kwenye Kamati ya Baraza Zima, unasomwa mara ya tatu na mwisho Rais anatia saini. Waziri mwenye muswada ndo anabeba mzigo wote huo, ajibu hoja za wajumbe moja moja, akubali marekebisho yenye maana, aondoe kifungu kinachopingwa. Siku waziri anapokubali kurekebisha kifungu mbele ya wajumbe mimi naiona ni siku nzuri kuliko siku ya makofi, ingawa kwenye mitandao inaandikwa kuwa waziri kabanwa.

Sasa twende Juni. Kuanzia Mei mpaka Juni Baraza linakaa kwa ajili ya bajeti na kila waziri anasimama na hotuba ya makadirio ya wizara yake, anaeleza alichofanya mwaka unaokwisha na anachoomba kwa mwaka unaokuja. Hotuba hizi zinachosha, ndefu, zina majedwali nyuma, na wengi wanazima redio. Lakini majedwali yale ndo majibu ya kweli ya masuali yote ya mwaka mzima. Kama mwezi wa pili waziri alisema banda la madarasa litamalizwa, fungua kitabu utazame programu inayohusika ina kiasi gani, kisha utazame mwaka uliopita programu hiyo ilipangiwa kiasi gani na ilipata kiasi gani. Tarakimu hizo mbili zikiwa mbali mno, hapo ndo pa kumuulizia, na zikiwa karibu na banda bado halijamalizwa, hapo suali ni jengine na zito zaidi.

Baada ya mjadala Baraza linageuka kuwa kamati, Spika anaitwa Mwenyekiti, na mafungu yanapitishwa moja baada ya jengine. Hapa mwakilishi ambaye hakuridhika anaweza kuzuia shilingi, au kushika shilingi kama wanavosema Dodoma. Wengine wanafikiri ni mchezo. Maana yake ni kuwa anatoa hoja fungu la waziri lipunguzwe shilingi moja, na kwa kufanya hivo anamlazimisha waziri kusimama na kutoa maelezo ya kina kwenye jambo moja mahsusi, na wajumbe wengine wanaweza kuingia kumuunga mkono. Mara nyingi inaishia mwakilishi anarudisha shilingi, lakini anairudisha baada ya kupata kauli. Kauli ya namna hiyo, iliyotolewa ili fedha zipite, nina imani nayo kuliko jibu lolote la asubuhi, kwa sababu waziri kaitoa akiwa anahitaji kitu.

Kuna jengine la kulijua kuhusu fedha. Anayebeba dhamana ya matumizi ya kila siku wizarani ni Katibu Mkuu, yeye ndo afisa masuuli, sio waziri. Waziri anabeba sera na anabeba lawama ya kisiasa. Kwa hiyo ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ikitoka na ikasema fedha fulani hazina vielelezo, watakaoitwa mbele ya kamati ya hesabu za Serikali, ile PAC, ni watendaji, na huko wanaulizwa risiti, wanatakiwa wakaoneshe mradi ulipo. Kamati hizi zinasafiri, zinakwenda Pemba, zinakanyaga matope. Ukisikia kamati inakuja wilaya yenu, nendeni mkaseme, kuna faida kuliko kusubiri mtu awasemee Chukwani.

Limebaki la kuwajibika. Mawaziri wanawajibika kwa pamoja, yaani jambo likishaamuliwa kwenye Baraza la Mapinduzi waziri analitetea hata kama mwenyewe ndani alikuwa na fikra tofauti. Kwetu hili lina uzito wa peke yake kwa sababu ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Baada ya uchaguzi wa 2010 Baraza lilikuwa na wawakilishi 28 wa majimbo wa CCM na 22 wa CUF, na mawaziri walitoka vyama vyote viwili, kwa hiyo ulikuwa unamuona waziri wa CUF anatetea bajeti ya Serikali inayoongozwa na Rais wa CCM, na anayembana ni mjumbe wa chama chake mwenyewe. Mwaka 2021 tena, mawaziri wa ACT-Wazalendo, Nassor Ahmed Mazrui kwenye Afya na Omar Said Shaaban kwenye Biashara, wakaingia kwenye hali hiyo hiyo. Watu wengi walisema hao washanunuliwa. Mimi sikubali tusi hilo. Waziri akishakula kiapo anajibu kwa niaba ya Serikali nzima, na kama hawezi kulitetea jambo njia iliyobaki ni kujiuzulu.

Na kujiuzulu kumewahi kutokea kwetu, tusijisahaulishe. Septemba 10, 2011 ilizama MV Spice Islander ikienda Pemba, nyumba ngapi za Pemba zililia. Hata mwaka haujatimia, Julai 18, 2012, ikazama MV Skagit karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Waziri wa Miundombinu na Mawasiliano wakati huo alikuwa Hamad Masoud Hamad, wa CUF, na mwezi huo huo wa Julai akajiuzulu, nafasi yake akapewa Rashid Seif Suleiman. Hakuna aliyesema kuwa yeye ndo aliyeongoza meli ile. Wizara inayosimamia usafiri wa baharini ilikuwa chini yake, watu wamekufa, akaondoka. Kuwajibika kisiasa ndo huko, na inafaa tukukumbuke kila tunapomsikia mtu akisema waziri hahusiki kwa sababu kosa ni la mtendaji.

Turudi kwenye lile banda la madarasa, mana kuna watu wanasoma hapa na wana banda kama hilo kijijini kwao. Kumbukumbu rasmi za Baraza zinawekwa kwenye tovuti ya Baraza, zinasomeka, kijana yeyote wa skuli anaweza kuzitafuta kwa simu. Tafuteni kwanza kama suali lenu limewahi kuulizwa, mwaka gani, na alijibu nani. Kaeni na sheha, kaeni na kamati ya skuli, liandikeni suali, msimwambie mwakilishi kwa mdomo tu kwenye maziko au harusini akalisahau njiani. Andikeni jina la skuli na shehia, wananchi wamechangia nini, jibu la zamani lilisemaje. Suali la "lini skuli yetu itamalizwa" waziri analijibu kwa sentensi moja na anakaa chini. Lakini likija hivi, kwamba mwaka fulani wa fedha Serikali ilieleza mbele ya Baraza hili kuwa imetenga fedha za kumalizia banda hili, je (a) fedha hizo zilitoka kiasi gani, (b) zilifanya kazi gani, na (c) kwa nini mpaka leo banda halina paa, suali hilo halijibiki kwa simu, lazima Afisa Mdhamini atie watu kwenye gari waende wakalitazame.